Mume Alikuwa Wapi? Mimba na Uzazi katika Vitabu Tunavyovifundisha

Walimu wa Kiswahili twapenda kusema kwamba fasihi ni kioo cha jamii. Msemo huu umerudiwa madarasani hata umekuwa kama kibwagizo. Walakini kioo hakimlazimishi mtu kutazama, na mtazamaji naye aghalabu huona lile tu alilozoea kulitafuta. Katika makala hii twakusudia kuhakiki jambo moja ambalo, kwa maoni yetu, limo katika vitabu tunavyovifundisha lakini halimo katika mafundisho yetu: namna mume na mke wanavyokaa, wanavyosemezana na wanavyotegemeana tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapozaliwa.

Aliyetuamsha ni mwanafunzi. Katika mafunzo ya likizo ya walimu wa shule za msingi, hapa kwetu Rwanda, tulikuwa tukisoma Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed iliyotolewa mwaka 1980. Tulipofika mahali ambapo uchungu unamshika Bi Tamima, mwanafunzi mmoja, mwalimu mwenzetu aliyekuwa na mimba kubwa, alinyosha mkono akauliza: "Mwalimu, mume wake yuko wapi?" Tukamjibu kama yasemavyo maandishi yetu ya kufundishia, kwamba Maksuudi ni kielelezo cha kiongozi mnafiki, anayeheshimiwa barabarani na kuogopwa nyumbani. Darasa zima likaandika. Yeye hakuandika. Akasema kwa adabu: "Hilo nimelielewa, Mwalimu. Mimi nimeuliza juu ya mume, sikuuliza juu ya kiongozi."

Hatukuwa na jibu. Kengele ikalia, nasi twakiri kwamba tuliifurahia. Lakini swali lilitufuata hadi nyumbani, na kwa muda mrefu tangu siku hiyo tumekuwa tukivisoma upya vitabu vyetu kwa ajili yake.

Na tuanze na lugha yenyewe, maana fasihi hufinyangwa kwa udongo huo. Tukiorodhesha vitenzi ambavyo Kiswahili humpa mwanamke wakati wa mimba, twapata vingi: hushika mimba, huchukua mimba, huibeba, huihimili, kisha hujifungua. Tukitafuta vya mwanamume, twapata vichache: humtia mke mimba, halafu huikubali au huikataa. Baina ya kutia na kukubali yamekaa miezi tisa, na katika miezi hiyo vitenzi vya mume ni haba mno. Hata hilo neno zuri la kujifungua, lililo la heshima kama vile Kinyarwanda kisemavyo kwibaruka, limejengwa kwa kiambishi cha kujirejea: mwanamke hujifungua mwenyewe. Kadhalika twasema mke "amemzalia" mumewe mtoto. Kauli hiyo ya kutendea humweka mume mahali pa mpokeaji wa zawadi, mtu aliyesubiri aletewe. Wanafunzi wetu wa Rwanda huielewa kauli hiyo upesi, kwa kuwa lugha yao nayo inayo. Lakini wao wanayo pia kauli ya kutendana, kubyarana, inayomaanisha kwamba watu wawili wamepata mtoto pamoja. Kuzaana kwa Kiswahili ni kuongezeka kwa viumbe. Ikiwa twataka maana ile ya Kinyarwanda, hatuna budi kusema kwa urefu kwamba fulani "amezaa na" fulani.

Tusije tukafikiriwa kuwa twailaumu lugha. Lugha haina kosa; husema lile ambalo wasemaji wake wamezoea kulisema. Tena Kiswahili kina neno ambalo laweza kutufaa sana, nalo ni kulea mimba. Kitenzi hiki hakichagui baina ya mwanamke na mwanamume. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Nasi tukiongeza kwamba malezi huanza kabla ya mtoto kuonekana, basi mume naye amepata kazi ya kufanya na neno la kuiita.

Methali nazo zataka kusomwa kwa makini zaidi. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi" huelezwa mara nyingi kuwa ni mapenzi ya wazazi wote wawili. Lakini mzazi, katika Kiswahili, ni pia jina la mwanamke aliyejifungua karibuni, sawasawa na umubyeyi wa Kinyarwanda. Kwa maana hiyo ya pili methali yamfunga mume nje: uchungu ule hajawahi kuuonja wala hatauonja. Hata hivyo neno uchungu lina tawi jingine. Twasema mtu ana uchungu na nchi yake, ana uchungu na ndugu yake, yaani jambo lao lamgusa na kumuumiza. Basi mume asiyeweza kuona uchungu wa kuzaa aweza kuwa na uchungu na yule anayezaa. Ni kazi yetu walimu kuufungua mlango huo wa maana, badala ya kuiandika methali ubaoni na kuipita.

Tukija kwenye ushairi, wa kwanza kukumbukwa ni Mwana Kupona binti Msham, aliyemtungia binti yake utendi wa wosia mwaka 1858, hali ya kuwa mgonjwa. Wosia huo unahusu dini, adabu na ndoa kwa jumla. Ndani yake mama amemshauri binti amtunze mume kama mtoto mdogo asiyejua kusema. Wako wanaouona ushauri huo kuwa ni utumwa, na wako wanaouona kuwa ni werevu wa mwanamke anayemwongoza mumewe bila ya yeye kutambua. Sisi twauliza swali la tatu: mtoto wa kweli akizaliwa, itakuwaje? Nyumba itakuwa na watoto wawili wasiojua kusema, na mama mmoja, aliyechoka, wa kuwaelewa wote. Hatumhukumu Mwana Kupona kwa mizani ya leo. Alimwachia binti yake silaha alizozijua. Lakini tunapoufundisha utendi huo leo bila ya kuuliza swali hili, twamfundisha kijana wa kiume kwamba akisha kuoa ana haki ya kubaki mtoto.

Wala haikuwa kwamba washairi wetu wa kiume hawakuwa na maneno ya upole. Shaaban Robert (1909–1962) alimwomboleza mkewe katika shairi liitwalo Amina, na anayelisoma hawezi kusema kwamba Kiswahili ni maskini wa maneno ya mume kwa mke. Tatizo ni wakati. Katika vitabu tulivyozoea kuvifundisha, mume husema sana anapoposa, na husema tena anapofiwa. Katikati, mke akiwa hai, mwili ukimwelemea na usingizi ukimkimbia, twasikia kimya.

Kimya hicho ndicho tunachotaka kukionyesha katika riwaya mbili. Ya kwanza ni Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyotolewa mwaka 1974. Tumezoea kuifundisha chini ya vichwa vya mgongano wa mila na usasa, upweke wa msomi, na maana ya maisha. Mambo hayo yamo. Lakini hebu tuipime riwaya hiyo kwa mimba zake. Ya kwanza ni ya Rukia, dada yake Kazimoto, aliyetiwa mimba na Manase. Nayo inamfikisha kaburini. Ya mwisho ni ya Sabina, dada yake Manase, ambaye Kazimoto alimwendea kwa nia ya kisasi kisha akamwoa. Katikati yuko mtoto wa Manase mwenyewe, mwenye kichwa kikubwa. Mtoto wa Kazimoto na Sabina naye anazaliwa na kichwa cha namna hiyo, wala hakai duniani. Na Kazimoto anajiua.

Msimulizi wa kisa ni Kazimoto mwenyewe. Kwa hiyo hata mimba ya Sabina twaijua kwa jicho la mumewe. Hii ni fani, nayo imemfaa mwandishi, kwa sababu imetuingiza katika akili ya mtu aliyejifungia ndani ya nafsi yake. Lakini tazameni maudhui yanayozaliwa na fani hiyo. Mtoto aliyekufa alikuwa wa watu wawili. Mmoja wao alimbeba tumboni, akamzaa, akampoteza. Mwingine akauchukua msiba wote kana kwamba ni wake peke yake, akaondoka nao. Uchungu ulikuwa wa wawili, Kazimoto akaufanya wa mmoja. Twaeleza daima kwamba alijiua kwa sababu ya kukata tamaa na maisha. Ni nadra kumtaja mwanamke aliyeachwa na huzuni mbili badala ya moja. Ndoa iliyoanza kwa kisasi ilikosa mazungumzo, na penye msiba ndipo upungufu huo ulipodhihiri. Kwa maoni yetu hili ni fundisho kubwa la riwaya ile sawa na lolote tuliloliandika ubaoni.

Riwaya ya pili ni hiyo Utengano. Hapa hali ni nyingine, maana mlango uliofungwa ni wa mbao na kufuli. Maksuudi amemtawisha mkewe na binti yake ndani. Uchungu wa Tamima unakuja katika nyumba hiyo. Mkunga anaingia bila ya idhini ya bwana. Na mkunga mwenyewe, Farashuu, ana kisa chake cha kale na bwana huyo. Mwisho wa mkasa, Tamima hapati pole wala hongera. Anapata kipigo na talaka. "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo," walisema wahenga. Maksuudi aliwatukana wakunga, uzazi na mzazi kwa pamoja.

Sasa twaweza kumjibu mwanafunzi wetu. Mume wa Tamima alikuwa mbali naye kwa miaka mingi kabla ya siku ile. Siku ya uzazi ilikuwa ni siku ya kudhihirika tu. Jina la riwaya, ambalo tumelieleza kuwa ni utengano wa matabaka na wa jinsia, lina maana iliyo karibu zaidi: ni utengano wa watu wawili waliolala chini ya dari moja. Mwandishi ametuonyesha kwamba kiongozi yule mbaya alikuwa kwanza mume mbaya, na sisi tumeuruka ukurasa wa mume ili tufike upesi kwenye ukurasa wa kiongozi, kwa kuwa huo ndio unaoulizwa katika mitihani.

Yamkini baadhi ya wasomaji watasema: Je, hamjui kwamba uzazi ni jambo la wanawake? Mila za pwani na za kwetu bara zimeweka sitara. Kuna mkunga, kuna mama na shangazi, kuna siku arobaini, na mume hukaa nje kwa heshima. Twaijua sitara hiyo na twaiheshimu. Wako wanawake wengi wasiotaka kuonwa na waume zao katika saa ile, na hiyo ni haki yao. Lakini tutofautishe chumba na uhusiano. Mlango wa chumba waweza kufungwa kwa heshima, na uhusiano ukabaki wazi. Na kinyume chake, mume aweza kusimama kando ya kitanda na moyo wake uko safarini. Mila ilimtoa mume chumbani kwa saa chache. Haikumwambia anyamaze miezi tisa. Kwetu twakwenda guhemba, yaani kumtembelea mzazi kwa zawadi na uji. Ikiwa jirani anajua la kuleta na la kusema, mwenye nyumba atakosaje?

Kwamba jambo hili laweza kufundishwa, tunao ushahidi papa hapa Rwanda. Ulianzishwa mpango uitwao Bandebereho, neno la Kinyarwanda lenye maana ya kuwa kielelezo kwa wengine, katika wilaya za Karongi, Musanze, Nyaruguru na Rwamagana. Wanaume waliokuwa wakitarajia mtoto au wenye watoto wadogo walikutana katika vikundi, vikao visivyozidi 15, na wake zao walihudhuria 8 kati ya hivyo. Walizungumza juu ya mimba, malezi, kugawana kazi za nyumbani, na namna ya kumaliza ugomvi bila ya mkono kuinuka. Utafiti uliowafuata wenzi 1,199, ukitolewa mwaka 2018, uliwalinganisha waliohudhuria na wasiohudhuria. Katika nyumba za waliohudhuria wanawake walisema kwamba kipigo kilikuwa kimepungua sana, na waume waliwasindikiza zaidi wake zao kliniki. Ufuatiliaji wa baada ya miaka 6, uliotolewa mwaka 2023, ulionyesha kwamba manufaa yangalipo. Vifaa vya vikao hivyo vilikuwa maneno: kuuliza, kusikiliza, kujibu. Hii ndiyo kazi yetu sisi walimu wa lugha, nasi twashangaa kwamba wenzetu wa afya wametutangulia.

Shirika la Afya Duniani nalo lilipendekeza mwaka 2016 kwamba mja mzito aonane na wahudumu wa afya angalau mara 8 katika mimba moja, na mwaka 2018 likapendekeza kwamba kila mwanamke awe na msindikizaji anayemchagua mwenyewe wakati wa uchungu na wa kuzaa. Tulitilie mkazo hilo la kuchagua. Msindikizaji aweza kuwa mume, aweza kuwa mama au dada. Mume aliyeletwa kliniki kwa amri hajawa mwenzi kwa sababu jina lake limeandikwa katika daftari; na mwanamke asiye na mume hapaswi kuaibishwa kwa kuja peke yake. Jambo tunalolitafuta ni uhai wa mazungumzo baina ya wawili, nalo halipimwi kwa mahudhurio peke yake.

Hapa hatuna budi kukiri letu. Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, tulikaa kwenye benchi nje ya wodi tangu jioni hadi alfajiri, na mkononi tulikuwa na madaftari ya wanafunzi ya kusahihisha. Tulisahihisha madaftari 32. Tulidhani tumetimiza wajibu kwa kuwa hatukuondoka. Baada ya wiki kadhaa mama watoto alituambia bila ya hasira: "Nilijua kwamba uko mlangoni. Nilichokuwa nikikingoja ni sauti yako." Mwalimu wa lugha, mtu anayekula kwa kusema, alikosa neno moja la kupitisha mlangoni. Hakuna aliyetukataza. Hatukulijua tu neno lenyewe, na wala hatukuwa tumelisoma popote.

Hii ndiyo sababu twaliona jambo hili kuwa ni la uhakiki wa fasihi pia, na tusiwaachie wauguzi peke yao. Watu hupenda, huomboleza na hupatana kwa maneno waliyokwisha kuyasikia. Kijana aliyesoma barua za mapenzi hadithini ataandika barua ya mapenzi. Aliyesoma maombolezo ataweza kuomboleza. Je, aliyesoma vitabu vyetu vyote vya mtaala atajua kumwambia nini mkewe usiku wa mwezi wa nane, anapoogopa kwamba hataamka salama?

Twapendekeza mambo machache yanayowezekana bila ya gharama. Tunapofundisha Kichwamaji, tuwape wanafunzi zoezi la kuandika ukurasa wa Sabina: alisema nini, au angalisema nini, usiku ule kabla ya uchungu kumshika. Tunapofundisha Utengano, tuwaulize swali la mwanafunzi wetu kabla ya kuwauliza juu ya uongozi. Tunapofundisha kauli za vitenzi, tulinganishe kuzalia, kuzaa na, na kubyarana, tuone kila kauli yamweka mume wapi. Katika methali, tujadili maana zote mbili za mzazi. Na wale miongoni mwetu wenye kalamu, twawaomba watuandikie hadithi ya mume na mke wa kawaida, wasio malaika wala mashetani, wanaoilea mimba pamoja, wanaogombana juu ya fedha za kitenge na za teksi, wanaoogopa na kuambizana kwamba wanaogopa. Hadithi ya namna hiyo haitapungukiwa na mkasa. Mwanamke aendaye kuzaa hajui kama atarudi; je, kuna mkasa uliozidi huo?

Mwanafunzi wetu alijifungua salama kabla ya likizo iliyofuata. Aliporudi masomoni tulimwuliza habari za mtoto, kisha tukamwuliza kama mumewe alikuwapo. Akacheka akasema: "Alikuwa nje, Mwalimu, lakini alikuwa akinisemesha dirishani." Tukamwambia kwamba sasa tunalo jibu la swali lake la Utengano, akitaka kulisikia. Akafungua daftari, akaandika.